Picha Zilizosubiri Ng'ombe Wapite

Sajenti Muthama aliitua rekoda juu ya meza ya Caro kwa kishindo, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Nani alikuambia ukate picha?"

Caro hakuinua kichwa. Alikuwa akiunganisha nyaya mbili nyembamba chini ya taa ya meza, na kazi ile haikutaka mkono unaotikisika. Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya barabara ya Namanga hapo Kitengela, kinyozi upande huu, muuza matangi ya maji upande ule. Ukutani kamera zilining'inia vichwa chini kama popo mchana.

"Habari ya asubuhi pia kwako, afande," alisema alipomaliza. "Picha gani?"

"Za yadi ya Mureithi. Wewe ndiye ulifunga kamera. Nambari yako ya simu imebandikwa hapa kwa rekoda."

"Ni mimi. Na sijakata kitu."

"Basi kuna mtu amekata."

"Basi huyo mtu ni mchawi. Chomeka hiyo waya nyeupe hapo kwa ukuta tuone."

Muthama alichomeka. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na mbili, shingo fupi, aliyeacha shule darasa la saba akafanya kazi kwenye josho la ng'ombe kule Isinya, kisha akaandikwa polisi enzi ambazo polisi walitaka miguu na meno kuliko vyeti. Rekoda ilipokuwa ikiamka, alimweleza Caro kesi yote. Hakuwa na muda wa kuzunguka. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu.

Alhamisi iliyopita Mureithi, mwenye yadi ya kuweka ng'ombe kabla hawajapelekwa machinjioni, alipigwa kichwani kwa jiwe la mizani ndani ya ofisi yake, akafa papo hapo. Kamera iliyotazama mlango wa ofisi ilionyesha mambo mawili tu. Saa tano na dakika kumi na nane Mureithi alijitokeza mlangoni akiwa mzima, akatazama vumbi la malori, akarudi ndani. Saa tano na dakika ishirini na saba Wakhungu, mpima uzito wake, aliingia. Dakika moja baadaye akatoka mbio, simu sikioni. Mlango ule haukupitwa na mtu mwingine.

"Kuna mlango wa nyuma," Caro alisema. "Nilimwambia mzee tuweke kamera huko pia, akakataa."

"Najua. Na gari moja tu lilikuwa limeegeshwa huko. Pikapu ya Mburu, mshirika wake. Walikuwa wanavutana mwezi mzima: Mburu anataka yadi iuzwe, Mureithi hataki. Lakini kamera ya geti inamwonyesha Mburu akitoka saa tano na dakika kumi na sita. Mureithi anaonekana hai dakika mbili baada ya hapo. Kwa hivyo Mburu ametakata kama sahani, na Wakhungu yuko ndani. Hakimu alitupa mpaka leo. Saa nane mchana huyo mtu anasimama Kajiado kusomewa shtaka la kuua, ama tumwachilie."

"Na akisomewa?"

"Anaenda rumande. Mwaka, miaka miwili, kabla shahidi wa kwanza hajafungua mdomo."

Caro alimtazama. "Na wewe hutaki awe yeye."

"Mimi sitaki wala sikatai. Kuna kitu hakikai vizuri." Muthama alitoa karatasi mfukoni akaikunjua. "Hii imetoka kwa kampuni ya simu. Siku hiyo Wakhungu aliita ambulensi mara moja. Mara moja tu. Saa tano na dakika kumi na tisa."

Midomo ya Caro ilihesabu kimya kimya. "Lakini aliingia na ishirini na saba."

"Umeona? Dakika nane kabla ya kuona maiti ameshaita ambulensi. Wakubwa wangu wanasema hapo ndipo alipojinasa. Eti alijitengenezea kisingizio, akaingia akaua, akatoka akiigiza kushika simu. Mimi nimekaa na Wakhungu masaa matatu. Yule hawezi kuigiza hata kikohozi."

"Kwa hivyo ukafikiria Caro."

"Kuna dakika zimetolewa hapo, ama zimetiwa. Na mimi sijui mtu mwingine Kitengela anayeweza."

"Hiyo ni sifa ama ni matusi?"

"Chagua."

Caro alicheka kwa pua, akavuta kibodi. Skrini ilijaa mistari ya nambari. Alieleza bila kugeuka kwamba kila picha inapotoka kwenye jicho la kamera hupigwa nambari yake, kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Picha kumi kila sekunde, kila moja na nambari yake, na nambari haifutiki bila kuacha pengo. Mtu akikata, nambari zinaruka. Mtu akibandika, zinajirudia. Aliiambia mashine ikague nambari za kamera ya ofisi za siku ile nzima. Mashine ikafikiri kidogo, ikajibu kwa mstari mmoja wa kijani.

"Hakuna iliyoruka," Caro alisema. "Hakuna iliyojirudia. Picha zako ni nzima, afande. Pole."

Muthama alikuna shingo. Alikuwa amekuja na uhakika kwamba kuna mtu aliyekata video, na uhakika huo ulikuwa umekufa kabla hajanywa chai. Tena umekufa vibaya, kwa sababu sasa picha zilikuwa shahidi mzuri zaidi dhidi ya Wakhungu kuliko jana. Mtu mwingine angeshukuru akaondoka. Muthama alisogeza kiti karibu.

"Nieleze safari ya picha moja," alisema. "Kutoka kwa jicho mpaka hapa. Polepole, na usinipige kizungu."

Caro alichukua kipande cha katoni akachora. Huku jicho la geti, huku jicho la ofisi, hapa rekoda. Mstari wa geti ulienda moja kwa moja. Mstari wa ofisi ulipita kwanza kwenye kisanduku alichokichora katikati.

"Mlango wa ofisi uko na kivuli kibaya. Kwa hivyo picha inapita kwa hili sanduku, linaipa mwanga, linaisafisha, halafu linaipeleka kwa rekoda. Lakini rekoda haiwezi kumeza kila kitu mara moja. Iko na tumbo dogo. Ikishiba, inaliambia sanduku: ngoja. Ikipata nafasi, inaliambia: leta."

"Vitu vya chuma vinaongea?"

"Vinaongea kuliko mama mkwe. Bila hiyo, sanduku lingemwaga picha na rekoda isizidake."

"Sasa sanduku likiambiwa lingoje, na jicho bado linaona, zile picha linaziweka wapi?"

"Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, unatupa. Ya zamani inaenda, mpya inapita. Mafundi wengi wanaweka hivyo, na mimi nilikuwa nimeweka hivyo." Caro alisita. "Halafu mwaka jana Mureithi akaja hapa akifoka. Fahali wake mmoja alikuwa amepotea, na alipotazama video akakuta inarukaruka. Akaniambia, 'Caro, mimi nikinunua ng'ombe mia nahesabu mia. Sitaki picha hata moja ipotee. Zote zihesabiwe.' Nikamwambia, mzee, picha si ng'ombe. Hakusikia. Nikaweka njia ya pili: sanduku linazishika zote kwa foleni mpaka rekoda iseme leta."

"Na geti?"

"Geti alisema ipite mbele ya kila kitu. Huko ndiko kichwa kinahesabiwa. Geti ikiwa na picha, ofisi inasimama kando."

Muthama alifumba macho. Alikuwa amerudi kwenye josho akiwa na miaka kumi na saba, ameshika kamba ya lango la mwanzo. Mbele yake njia nyembamba ya mbao, halafu shimo la maji ya dawa, na kule mwisho mzee mmoja akitazama wanyama wakipanda ngazi ya simiti. Ngazi ikijaa, mzee anainua fimbo, na Muthama anafunga lango. Ikipungua, mzee anapaza sauti, "Yau!", lete, na Muthama anafungua. Ng'ombe hakutupwa. Alisimama juani mpaka zamu yake.

Tena kule mwisho, kando ya mzee, aliketi karani na daftari.

Alifumbua macho. "Hii saa iliyo pembeni ya picha. Nani anaiandika? Jicho, sanduku, ama rekoda?"

Kalamu ya Caro ilisimama juu ya katoni.

"Rekoda," alisema.

"Wakati picha imepigwa?"

"Wakati..." Aliutazama mstari wa ofisi. "Wakati imefika."

"Kule josho karani alikuwa mwisho wa shimo. Ng'ombe amefika saa kumi na mbili, amesimama foleni mpaka saa nne, karani anamwandika saa nne. Hakuwa mwongo. Alikuwa amekaa mahali pabaya."

Caro alitupa kalamu. "Mungu wangu. Ni mimi nimemfunga huyo mtu."

"Ulifanya ulichoambiwa na mwenye mali. Utajilaumu kesho. Leo nihesabie. Nini kinaishibisha rekoda?"

"Mwendo. Ukuta ni mwepesi, ukiuona mara moja umeuona. Kitu kinachosonga ni kizito. Vumbi ndilo baya kabisa, kila chembe inasonga."

"Malori matatu yalishusha ng'ombe getini Alhamisi kuanzia saa tano kasoro dakika kumi. Ng'ombe na vumbi lao."

Hakuhitaji kusema zaidi. Vidole vya Caro vilikuwa vimeshaanza. Kamera ya ofisi ilipiga picha mia sita kila dakika, siku zote, haichoki. Kutoka saa tano kasoro dakika kumi mpaka saa tano na nusu ni dakika arobaini, kwa hivyo rekoda ilipaswa kuwa na picha elfu ishirini na nne. Zilikuwa elfu kumi na nane na mia sita.

"Zimefuatana zote," Caro alisema polepole, "lakini hazitoshi dakika arobaini. Zinatosha thelathini na moja."

"Tisa zimeenda wapi?"

Caro alisogeza mbele. Baada ya saa tano na nusu, ng'ombe walipokwisha kupita na geti kutulia, picha za ofisi zilikuwa zimejazana kupita kiasi, nyingi kuliko dakika zilizozibeba. Foleni ilikuwa ikiteremka.

"Hizi hapa," alisema. "Zilikuwa zinangoja."

Muthama alisimama, akavaa kofia. "Funga hiyo kitu, tunaenda yadi. Malori yanaingia saa nne. Na Caro, huko tukifika, mdomo wako uwe kama wa rekoda yako. Umeshiba."

*

Yadi ilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, uzio wa nyaya na mabati, harufu ya samadi ikikupokea kabla ya mlinzi. Mburu aliwalaki mwenyewe. Alikuwa mrefu, nadhifu, koti la ngozi, na tangu Alhamisi alikuwa ameanza kutembea katikati ya yadi badala ya pembeni.

"Sajenti! Karibu. Nilidhani mambo yaliisha, mnaenda korti leo."

"Tunaenda. Nimeleta fundi apime kamera."

"Ziko na shida?"

"Fundi ndiye anajua."

Mburu alimtazama Caro. Caro alikuwa ameinama akifunga rekoda kwenye kabati la stoo, hana habari na mtu.

"Wacha nikuulize tena mambo madogo," Muthama alisema, akitoa daftari. "Alhamisi uliondoka saa ngapi?"

"Jamani, kwani hamkusoma? Saa tano na dakika kumi na sita. Iko kwa video, na iko kwa taarifa yangu, nimesaini."

"Kumi na sita. Si kumi na tano?"

"Kumi na sita. Mimi ni mtu wa saa."

"Na Mureithi ulimwona mwisho lini?"

"Saa tatu, tulisalimiana hapa nje. Baada ya hapo nilikuwa kwa malori, halafu nikaenda zangu."

"Ulikuwa umeegesha nyuma ya ofisi."

"Kuna kivuli. Ni makosa?"

"La. Mlango wa nyuma huwa umefungwa?"

"Mureithi alikuwa akiufungua apate hewa. Wakhungu alijua hilo, muulize." Mburu alitabasamu. "Kwa nini Wakhungu atumie jiwe la mizani, Sajenti? Kwa sababu ni mtu wa mizani. Mimi nikitaka kuua mtu nitashika kitu kingine."

"Kitu gani?"

Tabasamu lilichelewa kidogo kuondoka. "Ni maneno tu."

"Nimeyaandika," Muthama alisema.

Lori la kwanza lilipiga honi. Muthama alimpa mfanyakazi mmoja simu yake ikiwa na saa kubwa kwenye kioo, sekunde zikitembea, akamsimamisha getini. Caro akasimama mlango wa ofisi na simu yake vivyo hivyo. Kabla ng'ombe hawajashuka, Muthama alitazama skrini stoo. Saa ya simu getini na saa ya rekoda zilikuwa sawa. Ya ofisini pia ilikuwa sawa. Aliandika.

Kisha ng'ombe wakashuka. Lori la kwanza, la pili. Wachungaji wakapiga mbinja, vumbi likapanda mpaka jua likawa kama sarafu ya shaba. Muthama alisubiri robo saa, akasubiri tena dakika kumi, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri ugali uive. Mburu alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha stoo. Hakuondoka.

"Mbona huyo dada ameshika simu mlangoni?" aliuliza.

"Anapima."

"Anapima nini?"

"Kamera."

Muthama alikuwa bado anatazama skrini aliposikia mtu akikohoa vumbi nyuma yake. Aligeuka. Alikuwa Caro, ameingia ndani, anapangusa kope kwa kanga. Muthama alirudisha macho kwenye skrini. Caro alikuwa bado amesimama mlango wa ofisi, simu mbele ya kifua, hajabanduka.

Caro mmoja chumbani, Caro mwingine kwenye skrini. Muthama aliisogelea skrini. Alisoma saa ya simu mkononi mwa yule wa kwenye skrini, akasoma saa iliyobandikwa pembeni. Dakika sita katikati. Akasoma ya geti: sawasawa, pamoja na vumbi lote lile.

Alifunga daftari. Aliona Mburu akimtazama Caro, kisha akiitazama skrini, kisha akimtazama Caro tena.

"Asante, bwana Mburu," Muthama alisema. "Tumemaliza."

"Mmepata nini?"

"Tumepima."

*

Saa saba kasorobo Muthama aliingia ofisi ya Inspekta Naisenya huko Kajiado, rekoda kwapani, Caro nyuma yake. Naisenya alikuwa mwanamke mwembamba aliyejulikana kwa kusoma faili kuanzia ukurasa wa mwisho. Hati ya mashtaka ilikuwa mbele yake, jina la Wakhungu limeshachapwa.

"Sopa, Muthama," alimsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, madam."

"Niko na dakika ishirini. Kiongozi wa mashtaka ananingoja."

Muthama alizitumia kumi na mbili. Alieleza foleni, sanduku, rekoda, karani wa josho. Caro alionyesha katoni yake. Naisenya hakukatiza, isipokuwa mara moja alipomwambia Muthama aache kuchora ng'ombe kwenye karatasi za serikali.

"Sawa," alisema walipomaliza. "Leo mmepata dakika sita. Alhamisi mnasema tisa. Wakili yeyote atawararua hapo."

"Leo malori yalikuwa mawili, Alhamisi matatu. Foleni hufuata ng'ombe. Mimi sitegemei ya leo kwa hesabu, naitegemea kuonyesha kwamba kitu kinatokea. Hesabu iko kwingine." Muthama aliweka karatasi ya kampuni ya simu kando ya picha iliyochapwa. "Wakhungu anatoka mlangoni na simu sikioni. Rekoda inasema saa tano na ishirini na nane. Kampuni ya simu inasema kumi na tisa. Katikati ni tisa. Halafu huyu fundi amehesabu picha bila kutumia karatasi ya simu, amepata pengo la tisa. Vitu viwili visivyojuana, nambari moja."

"Kwa hivyo hakuita ambulensi kabla."

"Aliingia, akaona, akatoka, akapiga. Kama ningefanya mimi, kama ungefanya wewe. Sisi ndio tulimgeuzia siku yake kichwa chini."

Naisenya alivuta picha ya Mureithi akiwa mlangoni. "Na huyu alikuwa hai saa tano na kumi na nane..."

"Toa foleni. Ilikuwa kama saa tano na kumi."

"Na pikapu ya Mburu?"

"Kumi na sita. Hiyo haisogei. Geti haingoji mtu."

Nje mtu alikuwa akibishana na askari wa zamu kuhusu pikipiki iliyozuiliwa. Inspekta alichukua kalamu, akaishika juu ya hati ya mashtaka bila kuandika.

"Muthama, nisikilize. Hii inamtoa Wakhungu. Haimwingizi Mburu. Dakika sita, kutoka kumi mpaka kumi na sita, si ushahidi, ni nafasi. Kila mtu aliyekuwa yadi alikuwa na nafasi."

"Kweli."

"Nikienda kumwambia kiongozi wa mashtaka niko na nafasi, atanicheka."

"Mwambie Wakhungu hana kesi. Hilo hatacheka. La Mburu niachie mimi."

"Unajiamini sana."

"Nimemwona akiangalia skrini."

Ndipo simu ya Muthama ilipoanza kutetemeka mezani. Alitazama jina, akaigeuza Naisenya alione. Inspekta aliinua kidole: weka sauti kubwa.

"Sema, bwana Mburu."

"Sajenti, habari ya safari." Sauti ilikuwa laini, imepangwa. "Nimekaa nikafikiria, nikaona si vizuri ninyamaze, kuna jambo nilikosea kwa taarifa yangu. Nilisema kumi na sita kwa sababu ndivyo video ilisema. Lakini sasa naona hizi kamera zetu huchelewa. Si ndiyo? Mimi niliondoka mapema. Saa tano kamili, hata kabla."

"Kabla ya saa tano."

"Eeh. Malori yalikuwa hata hayajamaliza moja."

"Lakini asubuhi ulinikazania kumi na sita. Ukasema wewe ni mtu wa saa."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa. Msiba ni msiba."

"Nani alikuambia kamera zinachelewa?"

"Si ndiyo mlikuwa mnapima?"

"Nilikuambia tunapima," Muthama alisema. "Sikukuambia nimepata nini. Hata kama ninatafuta ya kuchelewa ama ya kuwahi. Nimekuacha na saa ambayo kwa siku nne imekulinda. Mtu asiye na lolote angeishikilia mpaka kaburini. Wewe umeitupa kabla mimi sijafika Kajiado."

Upande wa pili mbinja ya mchungaji ilisikika kwa mbali, na pumzi ya mtu.

"Ulijua Mureithi alichungulia malori saa ngapi," Muthama aliendelea. "Siyo ya kwenye video. Ile ya kweli. Na ulijua ni lazima uwe umeshaenda kabla ya hapo, la sivyo ulikuwa bado yadi alipouawa. Hiyo haimo kwa taarifa ya mtu yeyote, bwana Mburu. Hata mimi nimeijua leo."

"Nitaongea na wakili wangu."

Naisenya aliivuta simu upande wake. "Bwana Mburu, hapa ni Inspekta Naisenya. Hilo ni wazo zuri. Mwambie akukute hapo yadi. Tunakuja kuchukua saa yako mpya kwa maandishi." Akakata.

Kisha Inspekta alichukua hati ya mashtaka, akapiga mstari mmoja mnyoofu kutoka kona hadi kona juu ya jina la Wakhungu, akatia sahihi chini yake.

"Fundi," alimwambia Caro, "wewe utakuja kortini. Uvae viatu vya kufunga, maswali yatakuwa marefu."

"Nitakuja, madam."

"Muthama, kamtoe mtu wako. Mimi naenda kwa kiongozi wa mashtaka, halafu naleta gari mbele. Usikae."

Muthama aliteremka seli mwenyewe. Wakhungu alikuwa ameketi kwenye simiti, ndevu za siku nne, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kwa ajili ya hakimu. Alipomwona Sajenti alisimama haraka, mikono mbele, tayari kwa pingu.

"Ni saa nane tayari, mkubwa?"

"Bado."

"Hakimu amesema nini?"

"Hujafika kwa hakimu, na hufiki." Askari wa zamu alikuwa ameshaleta viatu, mkanda na simu ndani ya bahasha ya kaki. Wakhungu aliitazama bahasha bila kuishika, kama kwamba ni ya mtu mwingine. "Umesikia? Unaenda nyumbani."

"Lakini ile video..."

"Ile video ilikuwa imesimama foleni." Honi ya gari la Naisenya ililia nje, ndefu, halafu tena. Muthama alimsukumia bahasha kifuani mpaka mikono ya Wakhungu ikalazimika kuidaka. "Vaa viatu, bwana. Dolphine mke wako yuko nje hapo kwa ukuta na mtoto mgongoni, na mimi niko na mtu wa kushika Kitengela."